Kiota cha Mvinyo

Kwetu Shaoxing kishimo cha shavu kina jina la jikoni:
kiota cha mvinyo.
Jina hilohilo hupewa tundu analolibonyeza mama
katikati ya wali wa kunata uliokwisha kupoa,
chachu ikishanyunyizwa, kabla chungu hakijafunikwa.
Ngumi moja, mara moja. Usirudie, alikuwa akisema,
wali hauombwi radhi.

Yeye alikuwa nacho kimoja, cha kushoto.
Mshenga alikitumia kama mtaji mwaka wa sabini na nane:
binti hana kitu, baba yake anadaiwa makaa ya mawe,
lakini ana kiota, mume hatakosa cha kunywa.
Baba akacheka, akaoa.
Hakuwahi kunywa hata tone; tumbo lilimkatalia.
Alikibonyeza tu kwa kidole gumba
kama mtu aliyefika mlangoni kwake bila ufunguo,
naye mama akamchapa mwiko.

Mjomba Genfu, muuza samaki, ndiye aliyelichakaza neno.
Kila mteja wa kike alikuwa na kiota,
hata bibi Tao asiye na nyama mashavuni.
Bibi Tao alinunua kambare kila Jumanne.

Machi hii kiharusi kikachagua kushoto.
Daktari, kijana wa Ningbo, akasema: Mama Cuifen, tabasamu.
Kulia kukapanda.
Kushoto kukabaki shuka iliyopigwa pasi.
Akaandika kitu kwenye faili, kirefu.
Nilitaka kumuuliza kama wana neno
la shimo lililofukiwa.

Mwezi wa tano nikapika wali kwa mvuke, peke yangu,
yeye akinitazama kutoka kwenye mto.
Nikabonyeza. Tundu likawa la kina kifupi, la woga.
Nikainua ngumi tena,
akatoa sauti. Si neno, lakini niliijua:
ni ile ya mwiko.
Nikafunika.

Siku ya tatu kiota kilikuwa na chake,
maji ya rangi ya ukungu, yananukia pea.
Nikamchotea kijiko. Nusu ikamwagika kushoto,
ikateleza shavuni, ikapita pale
bila kupata pa kutulia.

Chachu, akasema, kwa upande wa kulia wa mdomo.
Au labda alisema: chache.
Nikachota tena.