Ijumaa Bila Dawa

Wiki nzima nauza dawa mjini Rustaq:
ya kikohozi, ya sukari, ya presha,
ya mtoto asiyelala na ya mama yake asiyeweza kuamka.
Nasoma hati za madaktari
kama mtu anayesoma nyayo za kuku.
Ijumaa alfajiri navua koti jeupe,
navaa jeupe jingine, lenye wavu usoni,
naingia bondeni, kwa Muhanna,
kujifunza kutotoa dawa.

Tuko watano. Hakuna anayekula kwa kazi hii.
Muhanna alistaafu zimamoto, na moshi bado ni wake,
hamwachii mtu bomba.
Thureya anafundisha hesabu, skuli ya wasichana.
Biju anatengeneza viyoyozi kule Barka;
anasema nyuki walimtangulia:
tazama mlangoni wanavyopepea,
maji wameyateka kwenye falaji, baridi inaingia ndani,
na hakuna waya.
Wa tano ni Zahran, ambaye haulizi kitu. Hubeba.

Mizinga yetu ni magogo ya mtende yaliyochimbwa,
yamelazwa juu ya chuma cha kitanda kikuukuu.
Kitanda cha harusi ya Muhanna.
Mkewe anasema bado anakidai.

Walituambia fuata nyuki ule asali.
Hawakusema wewe utaliwa wapi kwanza:
kope ya kushoto, kisigino,
na Ijumaa moja ulimi,
kwa sababu nilikuwa naeleza jambo.

Mwezi wa tatu nikaona kwenye gogo langu
majana yaliyopinda,
na nyuki wachanga, mabawa yamekunjika
kama karatasi ya peremende.
Thureya akachota kikombe cha nyuki,
akawanyunyizia sukari ya unga,
akatikisa taratibu, kama anayembembeleza mtoto,
na juu ya karatasi nyeupe wakadondoka
utitiri, wekundu, wadogo, wanatembea.
"Kumi na tisa," alisema,
kwa sauti ya kusahihisha madaftari.

Mkobani nilikuwa na vipande vya dawa. Nakiri.
Nilivinunua Alhamisi kwa wauza dawa za mifugo,
nikalipa bila kuomba kupunguziwa.
Muhanna aliviona. Hakunikataza.
"Ukiwapa, watapona," alisema.
"Na utitiri watakaobaki watakuwa wamehitimu."
Nikacheka, kisha nikakumbuka
ni mara ngapi mimi mwenyewe, nyuma ya kioo, nimesema:
maliza dozi, mama, usimfundishe mdudu.

Sikuvitumia.
Tulikata sega la madume, tukawapa kuku.
Tulihamisha gogo kwenye upepo, chini ya mkunazi.
Tukangoja. Na kungoja kuna madhara yake,
hayakuandikwa kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi.

Mwezi wa sita walikuwa wamekwisha.
Nilifagia rundo kavu, jepesi,
lisilofika uzito wa barua.
Sitawadanganya kwamba nilipata hekima.
Nilikasirika.
Siku kumi na moja sikupokea simu ya Muhanna.
Biju akaja kutengeneza kiyoyozi cha duka
ambacho hakikuwa kimeharibika.

Kisha mikunazi ikachanua,
bonde zima likanuka utamu usio na jina,
na usiku mmoja, nikifunga duka,
Zahran akasimamisha gari,
gogo nyuma, limefungwa kwa shuka.
"Nimeligawa langu," alisema.
"Lilikuwa na utitiri ishirini na wawili.
Nyuki wakawang'ata miguu.
Mimi sikufanya kitu."
Yalikuwa maneno yake mengi kuliko ya mwaka mzima,
akaona haya, akaanza kufungua kamba.

Niliweka sikio kwenye gogo, pale pale barabarani,
mteja mmoja akanitazama, akadhani nasikiliza moyo wa mti.
Basi na adhani.

Vile vipande bado vimo kwenye droo ya chini.
Muda wake unaisha mwezi wa pili.
Sijavitupa.