Usisugue Kutu

Ninavyo vitatu. Havitoshi kuitwa mkusanyo,
ila hapa Kirumba sijasikia mwingine mwenye hata kimoja.
Cha kwanza nilipewa na mhandisi Morishige,
aliyekuja kufunga mashine za barafu kiwandani
mwaka ule sangara walipojaa mpaka mizani ikakwama.
Alinikuta nanoa visu vya minofu, sitini kwa zamu,
akasimama. Hakusema kitu.
Aligusa makali kwa ubavu wa kidole gumba,
kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto.
Siku ya kuondoka aliniachia kifurushi cha kitambaa cha zambarau.

Viwili vingine vilikula kiinua mgongo changu.
Bwana forodha alinizungusha siku mbili:
"Mama, silaha hii ya nini?"
Nikamjibu: inaitwa tanto, ina miaka mia nne.
Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama,
lakini changu hakijakata hata nyanya.

Umeme ukikatika ndipo navitoa.
Mwanga wa kibatari unalala ubavuni mwa chuma
na ule mstari mweupe unaamka kando ya makali,
unajikunjakunja kama povu
ziwa linaporudi nyuma kwenye mchanga wa Igombe.
Mhunzi hakuuchora.
Alipaka udongo, mzito mgongoni, mwepesi penye makali,
akakichoma kisu hadi rangi ya papai bivu, akakitosa majini.
Palipofunikwa sana pakabaki laini.
Palipoachwa karibu wazi pakawa pakali.
Ninao ndugu wa namna hiyo.

Na mafuta yake, niache nicheke, yana karafuu.
Chuma kilichofuliwa kwenye theluji
kinanukia pilau ya Idi.

Babu yangu Bugomola alikuwa Mrongo.
Huko Japani walipepeta chuma kwenye mchanga wa mito,
yeye na wenzake waliyeyusha mawe mekundu ya Buzinza,
mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikihema usiku kucha,
na asubuhi mavi ya chuma yametapakaa kama mkate ulioungua.
Mwanamke hakusogea tanurini.
Nilimweleza Morishige. Akasema kwao nako hivyo hivyo,
mungu wa tanuri ni mwanamke, ana wivu.
Tulicheka, mimi kidogo kuliko yeye.

Jumamosi iliyopita Kwandu, mtoto wa mdogo wangu,
alitaka kunifurahisha.
Aligonga kile kijiti cha mwanzi, akachomoa mpini,
akaona shina jeusi kwa kutu kama tako la sufuria.
Akachukua stilwaya, limau, na majivu.
Nilipotoka Mwaloni na dagaa wangu
shina lilikuwa linang'aa.
"Mama mkubwa, ona!"

Ile kutu ndiyo ilikuwa cheti cha kuzaliwa.
Chini yake mhunzi alichonga jina lake, alama mbili tu,
na kila aliyekinoa baada yake, baba kwa mwana,
alipofika kwenye shina aliinua mkono.
Miaka mia nne wanainua mkono.

Nilifungua kinywa nimtukane.
Kikaja kilo mbili na robo.
Ndiyo uzito wa jembe la babu
siku nilipolipeleka kwa mnunua vyuma chakavu pale Mabatini,
nimemaliza darasa la saba, nataka kanga.
Lilikuwa na alama tatu za nyundo shingoni, za mkono wake.
Nililisugua kwanza kwa mchanga
ili yule bwana asikate bei.

Kwandu alikuwa bado ananitazama,
ncha za vidole zimechubuka, limau limeingia.
Nikaleta kichupa cha mafuta,
nikaanza na vidole.
Kisha tukapaka shina, kidogo, kwa pamba,
naye akauliza lile jina linasomwaje.
Sijui, nikamwambia. Sijawahi kujua.
Nje unyevu wa ziwa ulikuwa unapanda ukutani
na chuma kimekaa uchi mezani, kinausubiri.