Akiba Iliyooza

Ostrava, Februari, ghorofa ya tatu.
Kamera nimeielekeza ukutani, kwenye saa,
kwa kuwa saa haichoki kutazamwa
wala haidai malipo.

Skrini inanirudishia saa iliyochanika.
Juu, mshale wa sekunde umefika kumi.
Chini, katika mistari myembamba kama nyuzi zilizofumuka,
mshale uleule ungali kwenye nane.
Sasa na punde, uso mmoja.

Řehoř anapita na kikombe chake, anachungulia.
"Kebo," anasema.
Kwake yeye kila ugonjwa ni kebo.
Kebo nimebadilisha mara tatu.

Nahesabu upya. Picha moja, kurasa mia nne na hamsini,
hazizidi, hazipungui, hakuna baiti inayoning'inia nje.
Picha nne zikipokezana: elfu moja na mia nane.
Anwani ya mwanzo ni sahihi. Ya mwisho ni sahihi.
Kiini cha mfumo, mwenye nyumba asiye na mzaha,
haruhusu programu kukanyaga chumba cha mitambo;
hodi ikipigwa, hafungui mlango,
hutoboa dirisha ukutani, kipimo kwa kipimo:
kuanzia hapa, kuishia pale, tazama,
ukinyoosha mkono nje ya fremu nakuua.
Na ndivyo afanyavyo. Leo ameniua mara sita.

Picha yenyewe haihamishwi.
Hakuna anayeichota kwa ndoo kisimani akaimimine mtungini.
Inalala palepale kamera ilipoimwaga,
na mtazamaji hupewa njia ya kuifikia.
Hiyo ndiyo kazi yangu, kuchora njia.

Ilikuwa kazi ya baba pia.
Ctibor, mpima migodi, miaka ishirini na saba
chini ya barabara hizi hizi zinazopita tramu,
wino mweusi kwa mapango yaliyo wazi,
mwekundu kwa yaliyojaa maji.
Jumapili alikuwa akitandaza karatasi juu ya meza ya chakula
na sisi tukala supu tumesimama.
Alisema: mwamba haumuui mtu upesi
kama ramani ya mwaka jana.

Ya mwaka jana.

Kijiko kimebaki hewani.
Njia zangu hazina kosa. Msomaji ndiye hafiki!
Kichakato, mvivu mwenye akili,
akishasoma ukurasa mara moja huweka nakala karibu na goti lake,
na safari ya pili haendi kisimani,
hunywa alichokiweka.
Kamera imeshamwaga picha mpya, kimya, kwa mlango wa nyuma,
naye hakuambiwa.
Akiba haiozi, husemwa.
Hii imeoza katika theluthi ya sekunde.

Nafungua faili, mahali dirisha linapotobolewa,
naongeza mstari mmoja, mfupi kuliko jina langu:
kurasa hizi zisiwekewe akiba,
kila asomaye aende mwenyewe.
Itakuwa polepole kidogo. Iwe.
Mashine hii itafungwa katika chumba cha daktari wa macho,
na hakuna mgonjwa atakayenishukuru
kwa kumwonyesha daktari jicho la punde.

Naunda upya. Nawasha.
Theluji inagonga kioo kama mtu asiye na haraka.
Saa inatokea nzima,
mshale mmoja, hauna mkia, hauna pacha,
unatembea tik, tik, kwenye skrini na ukutani,
naangalia huku, naangalia kule,
hadi shingo inauma.

Řehoř amerudi, kikombe kitupu.
Anasimama nyuma yangu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.
"Safi," anasema. "Safi kabisa.
Ila saa hiyo, Bohdana,
imechelewa dakika nne tangu Krismasi."