Neno la Mwisho

Watu wa Muyeye walimwita Daktari
na kumletea watoto wenye homa.
Kila mara alieleza, bila kuchoka,
kwamba udaktari wake ni wa hoja, si wa sindano,
kisha akavaa viatu, akawasindikiza zahanati,
akakaa nao benchini mpaka jina liitwe.

Thoya wa Mwaringa, mwana wa mkusanya chumvi.
Miaka ishirini na sita alifundisha falsafa Nairobi,
akarudi Malindi na masanduku saba ya vitabu.
Mchwa wakavisoma kabla yetu.

Tulikutana Alhamisi, nyuma ya kanisa,
chumba cha bati kinachonuka popo:
mimi, karani wa ofisi ya ardhi;
Nyamvula, mshona sare za shule;
Ponda wa tuktuk;
na Mzee Jefwa, aliyetumwa na baraza
kuchunguza kama mafundisho ni safi.

Tulidhani atatufunza kuomba kwa sauti.
Akatupa kazi ya nyumbani:
wiki hii, katika kila mabishano,
mwachieni mwenzenu neno la mwisho.
Basi. Hakuna pambio, hakuna kupiga makofi.

Ponda akacheka. Mwalimu, abiria akisema hamsini
nami nikanyamaza, si watoto watalala njaa?
"Taja bei yako mara moja, kwa upole. Kisha nyamaza,
umtazame huyo anayepanda kifuani.
Huyo ndiye mwanafunzi wangu.
Wewe umemleta tu."

Siku nyingine alitueleza mashamba ya chumvi, Gongoni:
baba hufungua lango, bahari ikaingia,
hufunga lango, akangoja.
Jua likafanya lake.
"Basi nani aliyetengeneza chumvi,
baba au jua?"
Akatoka kwenda kununua sukari
akatuacha tukibishana hadi giza,
na wiki yenyewe ilikuwa ya kutobishana.

Mzee Jefwa ndiye aliyeuliza, mvua ikigonga bati:
Na wewe, Daktari, umeshindwa wapi?

Akavua miwani. Akaifuta kwa shati. Akaifuta tena.
"Ndugu yangu Kenga. Miaka kumi na mmoja hatusemezani.
Shamba la mikorosho.
Mahakamani nilishinda.
Kila sentensi yangu ilisimama wima,
hata hakimu alinisifu.
Nikatoka nje, nikamkuta anakunywa maji ya mfereji
kwa kiganja.
Sikuwa na hoja ya kiganja kile."

Mimi nililijua faili hilo.
Nililipiga muhuri kwa mkono huu.

Jumanne akaja ofisini, akapanga foleni
nyuma ya mama aliyebeba kuku,
hakutaja udaktari.
Nipe fomu ya kuhamisha, akasema.
Mwalimu, nikanong'ona, lakini ulishinda.
"Ndiyo maana."

Nilimpeleka mwenyewe, kwa tuktuk ya Ponda.
Kenga alikuwa akiezeka banda la mbuzi.
Hakushuka ngazini.
Alinyoosha mkono, akachukua hati,
akaisoma mpaka chini, polepole, kama mtu anayetafuta mtego.
"Umechelewa," akasema.
Akarudi kwenye makuti yake.

Mwalimu alifungua kinywa.
Niliona. Ponda aliona.
Kisha akakifunga,
akainama, akamwokotea ndugu yake msumari ulioanguka,
akauweka kwenye kipago cha ngazi.
Njia nzima kurudi hakuna aliyesema kitu,
injini tu.

Alifariki Machi, wodi ya wanaume.
Watu wakataka kujua alisema nini mwishoni,
mwenye elimu kama ile.
Muuguzi akasema: aliuliza mgonjwa wa kitanda cha pili
amekula?
Na kama mtu alimjibu, hakumbuki.

Kenga alikuja maziko yakiwa yameanza.
Alisimama kwenye ua wa michongoma,
akaondoka kabla ya chakula.
Sijui alibeba nini kifuani.
Si faili langu.

Jana jirani alinitukana kwa ajili ya bili ya maji,
mbele ya wanangu.
Nilikuwa na jibu.
Lilikuwa jibu zuri sana.

Bado ninalo.