Bila Hodi

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
nani kasimama, kasema nini, kaketi saa ngapi.
Kila mtu dakika tatu. Kengele anayo Bwana Amundson,
mwenyekiti, ambaye hajapata kufuga hata kuku.

Ukumbi ni wa zimamoto. Nje theluji ya Minnesota
imefika magotini; ndani makoti yanavuja maji,
na ingawa mlangoni tumebandika WANYAMA HAPANA
mbwa wameingia wote, kwa harufu.

Sheria ndogo namba mia moja na kumi na tisa:
nyumba moja, mbwa wanne, basi.
Kila mtoto wa mbwa ahasiwe akifika miezi minne.
Mkaguzi aingie bandani saa yoyote,
bila hodi.

Hayo mengine wangeyanung'unikia mezani kwao.
Hilo la bila hodi ndilo lililowatoa majumbani
usiku wa nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Delmar Sundquist kaja na daftari la nasaba,
jalada limelegea, limefungwa kwa kamba ya kiatu.
Miaka arobaini anazalisha mbwa wa kuokota bata ziwani.
Akaanza kusoma majina: Tufani, mwana wa Bibi Mweusi,
mwana wa... kengele. Hakufika kwenye hoja.
Akafunga daftari polepole, akasema angali wima:
"Ukimhasi wa miezi minne, utajuaje
kama angekuwa mbwa au angekuwa kelele?"
Watu wakacheka. Sikuandika kicheko.

Yvonne Kaczmarek anao kumi na wanane, wa kuvuta sleji.
"Mbwa wanne hawavuti," kasema. "Mbwa wanne
wanakusindikiza posta." Kisha akanigeukia mimi,
mimi ambaye kikaoni si mtu, ni kalamu:
"Hao kumi na wanne niwachague mwenyewe,
au mtaniletea orodha?"

Ndipo Tricia Boyle akasimama. Hakuwa na karatasi.
Alikuwa na Caleb, miaka tisa, anayetazama viatu vyake.
Akampandisha mkono wa sweta.
Nyuzi kumi na nne, toka kiwiko kushuka.

Delmar, kwa sauti ya mtu aliye kanisani:
"Yule mbwa alikuwa mmoja, mama. Nyumba moja,
mbwa mmoja, mnyororo wa futi sita tangu utoto wake.
Sheria hii isingemwona."

"Najua," Tricia kajibu. "Lakini mkono ndio huu."

Kengele haikulia. Dakika zilikuwa zimebaki
na hakuna aliyezitaka.
Kumbukumbu hazina safu ya kimya.
Niliacha mstari mmoja mtupu;
atakayesoma atadhani mashine iliruka.

Saa nne kasorobo wakapiga kura. Tatu kwa mbili:
wanne wabaki wanne, kuhasi kungoje hadi Mei,
na mkaguzi abishe hodi, barua imtangulie siku moja.
Hakuna aliyeshangilia. Yvonne alivaa glavu
kama mtu anayehesabu vidole.
Nje, garini mwa Delmar, pumzi za wanyama
zilikuwa zimeziba vioo vyote; akasimama kando,
hakufungua, akasubiri injini ya Tricia iwake kwanza.

Nikazima taa za ukumbi. Neno "wanne"
nimeliandika usiku ule mara kumi na moja.

Kwangu wapo watano.
Wa tano ni kikongwe, macho yameingia ukungu.
Nilimwokota barabara kuu, karibu na maghala ya ngano.
Hana leseni, hana nasaba, hana hata jina la maana;
namwita Wewe.

Mlangoni nikasita, funguo mkononi.
Halafu, kwa sababu ambayo sitaiweka kwenye kumbukumbu,
nikabisha mlango wangu mwenyewe.
Hodi.
Ndani, mkia mmoja ukagonga sakafu
kabla ya mingine.