Kiazi cha Majira

Daktari wa Tuxtepec ana saa ya dhahabu na haraka.
Kanipa vidonge ishirini na kimoja,
vimekaa safu tatu kama wanafunzi wa masista.
"Kimoja kila jioni, Eufrosina. Usisahau."
Nikamuuliza vimetengenezwa na nini.
Akacheka: "Na sayansi."

Mama, hiyo sayansi naijua.
Nimeibeba mgongoni.

Nilikuwa na miaka tisa, jembe limenipita kimo,
kahawa ilipoanguka bei tukaingia porini
kutafuta barbasko,
kiazi kisichotaka kupatikana:
jani lake moyo, kamba yake nyembamba,
chini kumbe jiwe zima linakusubiri.
Babu alikuwa akikitwanga na kukitia kijitoni
samaki walewe, waelee matumbo juu.
Kazi yake nyingine hatukuijua.

Akaja Don Gumersindo na lori na mizani.
Mizani ile ilikuwa na maradhi:
kilo kumi za mtu maskini ziliisomea nane.
Wewe tumboni ulikuwa na Crescencio,
kila ukiinama mpini unambisha hodi.
Mikono ikakuwasha mpaka viwikoni,
usiku ukaipaka mafuta ya nguruwe ukanyamaza.
Vikasagwa, vikaanikwa kwenye sakafu ya saruji,
kijiji kizima kikanuka sabuni iliyooza.
"Vinakwenda wapi?" nikakuuliza.
"Kwa watu wasiochimba."

Ulizaa tisa. Watatu tuliwazika.
Kila mwaka wa pili tumbo lilirudi kama deni,
na usiku mmoja, mkeka wangu karibu na wenu,
nilikusikia ukimwambia Bikira wa ukutani:
Inatosha.
Bikira hakujibu.
Baba alikuwa anavua viatu.

Kumbe jibu lilikuwa guniani, Mama.
Ulilibeba mlima mzima ukaliuza kwa bei ya chumvi.

Basi nimeanza kumeza.
Mwezi wa kwanza kichwa kiligongwa kama bati la mvua,
matiti yakajaa maumivu ya mnyonyeshaji asiye na mtoto.
Nilimlilia mbwa aliyegongwa barabarani,
mbwa wa watu, sijui hata jina lake.
Nilimchukia Wilfrido kwa jinsi anavyotafuna.
Damu ikaja matone, ikaondoka, ikarudi,
kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa.
Daktari akatazama saa yake: "Ni mawazo tu."

Muuguzi Zenaida alingoja atoke, akafunga mlango.
"Si mawazo. Ni homoni, na kipimo hiki ni cha punda.
Vipo vyenye dozi ndogo. Njoo Alhamisi,
mkubwa hayupo."
Kisha akanipima presha mara mbili,
akaniuliza kuhusu miguu, kama inavimba, kama inauma,
maswali ambayo hakuna mtu aliwahi kuuliza mwili wangu.

Jana ulikuja na kuku wawili na kikohozi.
Siku hizi mwezi wako umekatika,
joto linakupanda shingoni katikati ya baridi,
unajipepea kwa kifuniko cha sufuria
na hutaki kulizungumza.
Nikakuonyesha pakiti. Nikakueleza yote:
kiazi, lori, kiwanda, kidonge.
Ulikibana kimoja kikatoka,
ukakinusa.
Ukakiweka kiganjani, pale pale penye kovu la jembe,
ukakipima kwa kupandisha na kushusha mkono
kama Don Gumersindo.

"Kidogo hivi," ukasema.
Baadaye sana, nilipodhani umeshalala:
"Wangetuambia."

Sikujibu. Nilikuwa naosha vyombo,
nikaendelea kuosha sahani iliyokwisha kutakata.

Na saa mbili usiku, mimi nimesahau,
ni wewe uliyekuja, miguu pekupeku,
kidonge mkono huu,
kikombe cha maji mkono ule.