Sekunde Kumi

Zdenka amekata diski vipande viwili
kama mkate wa jana:
nusu Windows, kwa hesabu za kiwanda cha bia,
nusu Linux, kwa farasi anaowachora usiku
Ljubljana ikilala ndani ya ukungu.

Ile yenye tufaha aliipapasa dukani, akauliza bei,
akashukuru, akatoka. Kodi ya miezi mitatu!
Rahisi ghali, alimwambia mpwawe Matjaž; na bure je?
Bure ilikuwa na maringo. Siku nne
kalamu haikutambuliwa, mstari ukatetemeka
kama mlevi anayetia sahihi.
Siku ya tano farasi akasimama. Miguu yote.

Na Windows? Windows ina maneno: subiri, usizime.
Asilimia thelathini. Saa nzima. Thelathini.

Sasa kila asubuhi kioo cheusi kinamhoji:
farasi, au bia? Sekunde kumi. Tisa.
Usipochagua, utachaguliwa.

Leo kahawa ilifurika jikoni, akakimbia kuiepua,
akarudi vidole vikimwasha.
Bia.
Akaketi. Akajumlisha chupa elfu mbili na ushee,
na pembeni mwa risiti, kwa penseli,
ukwato mmoja.